Shimo la Kuazima

Mtaani kwetu Makongeni, Thika, hakuna aliyewahi kuhesabiwa mtu mzima kwa sababu ya kitambulisho. Kitambulisho mtu hapewi kwa akili. Hupewa kwa miaka 18 na picha aliyopigwa akiwa amekodoa macho. Utu uzima wenyewe huanza siku jirani anapopiga hodi na kusema, "Samahani, naomba uniazime." Kabla ya hodi hiyo wewe ni mtoto mwenye ndevu, hata ukiwa na kazi, mke na deni la sako.

Baba alikuwa mtu mzima kwa ngazi. Ilikuwa ngazi ya mbao, ndefu kuliko nyumba tuliyopanga, na siku ilizolala ubavuni mwa ukuta wetu zilikuwa chache. Muda wote mwingine ilikuwa safarini. Aliyetaka kubadilisha balbu, kugeuza eriali ya televisheni au kuziba bati linalovuja alipitia kwetu kwanza, akanywa chai, akauliza habari za shule, halafu akataja ngazi kana kwamba imemjia akilini papo hapo. Mama naye alikuwa na sufuria ya kupikia watu mia. Sufuria ile ilihudhuria mazishi mengi kuliko padri wa parokia, na ilirudi na habari zote. Mama aliiinamia, akakwangua ukoko kwa ukucha, akajua wafiwa walipika pilau au githeri, na kama waliopika walikuwa wanasikizana.

Sasa, watoto wa Thika tuna njia yetu moja. Tukipata kazi Nairobi, tunahamia Ruiru. Thika iko kilomita 42 kutoka jijini, Ruiru ni karibu nusu ya hapo, na nauli ya hiyo nusu ikijumlishwa mwezi mzima inatosha kumsahaulisha mtu alikozaliwa. Barabara kuu ya Thika, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012, ilikuja na ahadi ya kutufikisha mjini kabla chai haijatulia tumboni, na ingetufikisha kama sote tusingeamka na wazo lile lile saa ile ile. Sensa ya 2019 ilikuta watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 Thika. Mama alizisikia hesabu hizo redioni akichambua mchele. "Hao wote ni wetu," akasema. "Wamepotelea njiani tu." Kwake yeye Ruiru ilibaki kuwa mashamba ya kahawa uliyoyaona dirishani mwa basi, na alipokuja kututembelea mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu akitazama magorofa na kamba za nguo, akitafuta kahawa.

Nyumba yetu ya kwanza baada ya ndoa ilikuwa orofa ya nne, Kihunguro: chumba cha kulala, sebule, na roshani ya kutosha kiti kimoja na mguu wa mtu wa pili. Nyuma ya mlango kulikuwa na karatasi ya masharti. Ni marufuku kupigilia misumari ukutani. Ni marufuku kuwasha jiko la makaa. Ni marufuku kufua baada ya saa mbili usiku. Sharti la mwisho lilikuwa limefutika, na hadi tunahama hatukujua tulikuwa tukilivunja au tukilitii.

Baba alitupa zawadi ya kabati la nguo. Hakulinunua dukani. Aliliagiza kwa fundi wa jua kali kule kule Makongeni, likaundwa kwa mbao za saiprasi, gundi na vigingi, bila skrubu hata moja, kwa sababu Baba anaamini skrubu ni njia ya fundi kukiri kwamba kazi imemshinda. Lilikuja Ruiru kwenye pikapu, limefunikwa blanketi, na vijana wanne wakalibeba hadi kona ya ngazi kati ya orofa ya pili na ya tatu. Hapo likakataa. Walilisimamisha, wakalilaza, wakaliinua kichwa chini. Mmoja akabaki upande wa juu, akashindwa kushuka, akalazimika kunywa chai kwa jirani wa orofa ya tatu hadi wenzake walipolirudisha nyuma kidogo. Baba alipima kabati, akapima kona, akakunja futi yake. "Kabati halina shida," akasema. "Jengo ndilo lililokosewa."

Likabaki pale. Kulipasua isingewezekana, kwani mwenyewe angejua. Kulirudisha Thika ingekuwa tusi. Mwanzoni wapangaji walilipita kwa ubavu wakinung'unika. Kisha mama wa orofa ya tatu akaanza kuweka humo viatu vya shule vya watoto wake. Mwanafunzi mmoja wa chuo akaweka mwavuli, halafu pasi, halafu mfuko wa unga. Keateka akaona mlango ule ni mpana na uko mahali kila mtu anapita, akaanza kubandika hapo orodha ya wasiolipa kodi. Siku moja nikapita nikakuta kufuli. Kufuli jipya, la shaba, na hakuna aliyejua la nani, ingawa vitu vyote vya ndani vilikuwa na wenyewe. Mke wangu aliuliza kama sasa tunaweza kusema tumeazimwa kitu. Nikamwambia hapana, kuazima kuna hodi yake, na hapa hakuna aliyepiga hodi. Tulipohama, kabati halikuhama. Nasikia wapangaji wapya wanadhani lilijengwa pamoja na ngazi.

Tulihamia ploti yetu. Hapa inabidi niseme polepole, maana katika Kiambu ya leo hakuna sentensi inayombadilishia kijana sauti zaidi ya hiyo. Ni ploti ya futi 40 kwa 80, upande wa Kimbo na Matangi, iliyopatikana kwa mkopo wa sako, akiba ya chama cha mke wangu na uvumilivu wa watu tuliokuwa tumewaahidi pesa nyingine. Siku ya kwenda kuiona, ukoo ulikodi matatu nzima. Mama aliomba, shangazi zangu wakaimba, watoto wakakimbia kutoka bikoni hadi bikoni. Mjomba wangu wa Murang'a hakuomba wala kuimba. Alizunguka mikono ikiwa mgongoni, mwendo ambao wajomba huuhifadhi kwa ajili ya ardhi peke yake, akainama, akachukua bonge la udongo, akalivunja kwa vidole.

"Mweusi," akasema.

Kila anayejenga kuanzia Ruiru hadi Juja anaujua udongo huo. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea na kupasuka nyufa za kumeza simu, na nyumba iliyosimamishwa juu yake hupasuka nao. Dawa yake ni kuuchimba wote uondoke hadi ufikie ardhi ngumu, kisha ujaze mawe na changarawe nyekundu, ushindilie, ndipo uanze kufikiria ukuta. Lori linalouchukua unalilipa, na lori linaloleta wa kuziba pengo unalilipa pia. "Nyumba utakayoijenga chini," Mjomba akasema akipangusa mikono, "itakuwa ghali kuliko ya juu. Na ya chini hakuna atakayeiona." Shangazi zangu wakaacha kuimba.

Tukapata fundi. Alikuwa mpole, mwenye mikono mizuri sana kwa mawe, na makao yake ya kudumu yalikuwa steji. Ukimpigia saa moja asubuhi yuko steji. Saa tano yuko steji. Jioni anakupigia mwenyewe kukueleza kwamba alikuwa karibu kuondoka steji, mvua ikaanza. Sijawahi kujua ni steji gani. Lakini shimo la msingi lilichimbwa, na likachimbwa vizuri, refu na lenye kona kali, mwisho wa Machi, siku chache kabla ya mvua ndefu.

Mvua ikaja usiku. Asubuhi tulipofika tulikuta ziwa. Maji yamejaa hadi ukingo, ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yanaogelea mabata: mkubwa mmoja mbele, wadogo nyuma kwa mstari, wakipinda kona ambapo kungekuwa sebule na kuelekea jikoni. Walikuwa wa jirani, mama mmoja wa makamo mwenye nyumba ya mabati upande wa pili wa seng'enge. Alituona, akaja taratibu, ameshika leso kiunoni. Akatusalimu, akatuuliza tulivyolala, akatuuliza wazazi wanaendeleaje, akasifu mvua. Moyo wangu ulianza kwenda mbio. Mpangilio ule wa salamu nilikuwa naujua tangu utotoni.

"Wanangu," akasema mwishowe, "mimi sina neno. Naomba tu mniazime shimo. Hawa watoto wa bata wamelizoea. Wakikua kidogo, mtaendelea na kazi yenu."

Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nimemeza mate, siwezi kujibu. Wengine huanza na kiti, wengine na jembe, wachache wenye bahati huanza na redio. Mimi nilikuwa nimeombwa shimo. Nilimpigia Baba pale pale, nikamweleza, na kwenye simu kukawa kimya kiasi cha kunifanya niangalie kama salio limeisha. Kisha akakohoa.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sawa."

"Vyema," akasema. "Kitu cha kuazimwa hakikataliwi mara ya kwanza." Akakata simu, na Mama akaniambia baadaye kwamba alitoka nje kwenda kuwaeleza wazee wenzake pale kwa kinyozi.

Mabata yalikaa. Fundi alifurahi kupata sababu nyingine mbali na steji, akawa ananipigia kuuliza hali ya watoto. Mama jirani alitulipa kwa mayai ya bata, makubwa na yenye kiini cha rangi ya chungwa, ambayo mke wangu alikataa kuyala kwa hoja kwamba yalitoka chumbani mwetu. Mwezi wa Juni maji yakakauka yenyewe, mabata yakaondoka bila kuaga, na mawe ya Ndarugo yakaanza kufika.

Baba alikuja siku ya kozi za kwanza za ukuta. Alishuka matatu akiwa amevaa koti, na chini ya kwapa amebeba pima maji yake iliyofungwa kwa gazeti. Baba alikuwa mekanika katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, enzi ambazo mji ule uliitwa Birmingham ya Kenya na mitumba haijavimeza viwanda vyake, na alipoondoka kazini aliondoka na heshima ya wenzake, kikombe cha plastiki na ile pima maji. Ni ya mbao, imepakwa vanishi ambayo imekuwa nyeusi kwenye sehemu za vidole, na katikati ina kijichupa cha kioo chenye maji ya manjano na kiputo. Sijawahi kuona kitu kikishikwa kwa adabu hivyo. Hata sisi watoto tulipokuwa wadogo tuliruhusiwa kuitazama, si kuigusa.

Fundi yeye hakuwa na habari na vifaa vya makumbusho. Alikuwa na timazi yake, kipande cha chuma kwenye uzi, na mpira mrefu unaopitisha mwanga, uliojaa maji: mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine anashika kule, maji yakitulia pande zote mbili wanapiga alama, na ukitaka kubishana utabishana na maji. Ukuta ulikuwa umefika magotini. Baba akaweka pima maji juu ya jiwe, akavaa miwani, akainama. Kiputo kikakaa kando, kama mgeni aliyekosa kiti.

"Fundi, ukuta wako umelala."

"Mzee, huu ukuta uko sawa."

"Uko sawa na nini?"

Swali hilo lilisimamisha kazi. Mtu wa mkono akaweka karai chini. Baba akaenda ukuta wa pili, na huko nako kiputo kikakaa kando, upande ule ule. Ukuta wa tatu, vivyo hivyo. Akaiweka juu ya benchi la fundi, juu ya mfuko wa saruji, juu ya meza ambapo mke wangu alikuwa akikata sukuma wiki. Kila kitu katika ploti kilikuwa kimelala, na kote kwa kiasi kile kile. Baba akaanza kuutazama mlima wa Kilimambogo kule mbali kwa shaka.

Fundi alikuwa kijana wa adabu. Alinawa mikono kwanza. "Mzee," akasema, "samahani. Hebu igeuze, huku kuje huku."

Baba akaigeuza. Kiputo kikahama, kikakaa upande wa pili.

Hakuna aliyesema kitu. Anayejua pima maji anajua maana yake: chombo kizima ukikigeuza hakibadilishi neno, na kikibadilisha, basi kasoro ni yake na si ya ukuta. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona mambo mengi ya utotoni kwa mwanga mpya. Rafu ya jikoni kwetu Makongeni, ambayo yai halikuwahi kukaa juu yake hata dakika moja. Picha ya Papa iliyotutazama kwa kichwa upande. Mlango wa choo uliojifungua wenyewe wageni wakiwa ndani. Vyote vilipimwa kwa pima maji ile. Na kwa kuwa iliazimwa na nusu ya mtaa, pamoja na ngazi, sina shaka kwamba leo kuna nyumba nyingi Makongeni zilizoinama upande mmoja, kwa umoja.

Baba aliifunga tena kwenye gazeti. "Haina kosa," akasema. "Ni hizi kuta za siku hizi zimeizoesha vibaya." Alimwambia fundi aendelee, na jioni wakala nyama pamoja. Anaendelea kuitumia. Anachofanya sasa ni kupima mara mbili, huku na huku, na kuchukua jibu linalompendeza.

Tulihamia nyumba ikiwa na vyumba viwili, mabati ya geji 30 na sakafu ya saruji isiyo na vigae. Kilichobaki ni maji. Sisi wa miji hii miwili tuna mkasa wetu na maji. Mto Ruiru una bwawa, na mto Thika una bwawa kubwa zaidi kule Ndakaini, lililokamilika 1994, na maji ya mabwawa hayo yanateremka kwa mabomba hadi Nairobi. Mito imetupa sisi majina, ikawapa wao maji. Ya mfereji huku kwetu huja usiku, siku yanazozijua yenyewe, yakitanguliwa na mluzi wa hewa kwenye bomba, na wakati huo hakuna anayeuliza nani amevaa nini. Mtaa mzima uko nje na ndoo.

Kwa hiyo tukanunua tangi jeusi la lita 1,000 mjini Ruiru, na kijana wa bodaboda akaapa kwamba amewahi kubeba yenye ukubwa mara mbili. Alilifunga nyuma ya pikipiki kwa vipande vya mpira wa tairi. Sisi tukafuata kwa pikipiki nyingine. Tangi tupu la ukubwa ule ni jepesi, na upepo ukilipata unalishika kwa kila upande. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kwetu, mpira ukakatika. Tangi likaruka chini, likadunda, likalala, na likaanza safari.

Lilipita kwa kinyozi. Lilipita kwa muuza mutura, ambaye aliinua sinia lake kichwani na kugeuka nalo bila kumwaga tone la supu. Mbwa waliokuwa wamelala barabarani waliamka wakakimbia mbele yake, watoto wakakimbia nyuma yake, na sisi nyuma ya watoto, mke wangu akiwa ameshika risiti juu. Barabara inapinda kushoto pale kwenye kanisa la mabati. Tangi halikupinda.

Ilikuwa Jumamosi, na akina mama wa kanisa walikuwa katika mfungo. Milango miwili ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Tulifika tukihema, tukakuta tangi limesimama wima katikati ya viti vya plastiki, mfuniko wake ungali umefungwa, na pasta ameshika maikrofoni bila kusema neno. Ndipo mama mmoja akapiga vigelegele. Kumbe mfungo ule ulikuwa wa siku tatu, na ombi lake, lililoandikwa kwa chaki kwenye ubao karibu na madhabahu, lilikuwa TANGI LA MAJI.

Jaribu wewe kuingia na risiti mahali kama hapo. Kijana wa bodaboda alinong'ona kwamba yeye kazi yake ni kubeba na mzigo umefika. Mke wangu, ambaye haogopi mtu, alimkabidhi pasta ile karatasi. Pasta akaisoma yote, hadi mstari wa kodi. Akaikunja. "Bwana," akawaambia waumini, "hutumia watu." Tukakaa kwenye viti, tukazungumza, tukapewa uji maana mfungo ulikuwa umefunguliwa kwa furaha. Makubaliano yakawa hivi: tangi litakwenda kwetu, kwa kuwa risiti ni risiti; lakini kwa kuwa limekuja pale lenyewe, kanisa litachota kila Jumapili kabla ya ibada. Kabla ya kuondoka lilipakwa mafuta ya upako na kuombewa, na likabebwa hadi nyumbani kwa miguu na kwaya.

Hadi leo kila Jumapili saa moja wanakuja na mitungi yao ya manjano ya lita 20. Wanaliita "tangi letu." Wakikuta limepungua wananiuliza, kwa upole, matumizi yetu ya katikati ya wiki yalikuwaje.

Kisha mtoto akazaliwa, msichana. Kwa desturi ya Wagikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, kwa hiyo alikuwa na jina kabla hajalia. Wasioishi na jambo hili hudhani ni heshima ya jina tu. Mama alifika kutoka Thika na gunia la njahi, zile punje nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni ambazo mzazi hulishwa hadi azichukie, akasimama mlangoni, akasema, "Nimekuja kujiona."

Na alijiona kweli kweli. Alimbeba mtoto hadi dirishani. "Mbona mimi nimelazwa kwenye upepo?" Akakagua nepi. "Mimi sijawahi kuvaa vitu vya kubana hivi." Mke wangu alijifunza upesi kwamba katika nyumba ile sasa kuna mama wakwe wawili, mmoja akiwa hajaota meno, na kwamba huwezi kumwambia mmoja anyamaze bila mwingine kukusikia. Njahi zikawekwa jikoni, zikachemka saa baada ya saa, na mtungi wa gesi wa kilo sita ukaisha zikiwa bado zinagonga sufuria kama zilivyoingia. Mama akavuka seng'enge kwa yule mwenye mabata, akanywa chai, akasifu mvua, akarudi na jiko la makaa lililokwisha washwa. Wale wawili wakawa marafiki tangu siku hiyo. Nilisikia mama wa mabata akimwambia, "Huyu kijana wako ni mtu. Aliniazima shimo."

Mtoto alipoanza kutembea, Mama akaja na ombi. Alianza kwa kuuliza tulivyolala. Akauliza kazi inaendeleaje, akasifu paa, akasifu hata sakafu. Mke wangu akaacha kukunja nguo.

"Nilikuwa nataka," Mama akasema, "nijichukue kidogo. Nikakae nami Makongeni hadi mwisho wa mwezi. Baba yenu ananitaka."

"Mama, hakuna shida," mke wangu akajibu. "Lakini ni kuazima tu, sivyo? Tutamhitaji."

"Tangu lini mtu akaazimwa nafsi yake?"

Tukawasindikiza hadi steji. Mtoto mgongoni amefungwa kwa leso, poti mkononi, mfuko wa nguo begani, na mtungi wetu wa gesi, ambao Mama alisema ataturudishia ukiwa umejazwa, umekaa miguuni pake. Kiti kilikuwa kimoja karibu na dirisha. Konda alimtazama mtoto, akatazama kiti, akaona mtungi na poti.

"Shosho, hapo ni wawili. Huyo mtoto atalipiwa, ni mkubwa."

"Mtoto gani?" Mama akasema. "Huyu ni mimi."

Konda akatugeukia sisi tuliosimama nje, akitafuta msaada. Mke wangu akatikisa kichwa kumwambia aache tu. Akafunga mlango, akapiga bati la gari mara mbili, dereva akaondoa.